Vumbi Nililomtilia Amisi

Jumatatu, tarehe 28 mwezi wa saba

Vumbi tena. Picha sita leo, zote zinataka vumbi. Wenye pikipiki hawataki picha ya kawaida. Wanaegesha mbele ya mlango wa studio, wanakaa juu ya kiti, Papa Sumaili anawapiga picha, halafu mimi ninawatilia vumbi nyuma ili waonekane wanakimbia. Injini imezimwa. Mguu uko chini. Nikimaliza, pikipiki inaruka.

Hii ni kazi yangu tangu nimalize shule. Papa Sumaili, mwenye studio, alikuwa rafiki wa marehemu baba. Alimwambia mama: mtoto asikae bure, aje ajifunze. Nilikuja kwa aibu. Sasa ninakaa nyuma ya pazia na kompyuta. Siwaoni wateja, hawanioni. Ninapenda hivyo.

Vumbi lililokuwamo kwenye kompyuta lilikuwa baya. Madoa ya duara, kama pamba. Jana nimetengeneza langu. Nilitundika kitambaa cheusi cha mama uani, mdogo wangu Riziki akarusha unga wa muhogo, mimi nikapiga picha. Riziki alicheka mpaka akakohoa. Mama alifoka kwa ajili ya unga. Picha arobaini, tatu nzuri. Kompyuta inajua kuweka picha juu ya picha, kisha weusi wote unapotea, weupe unabaki. Kitambaa kikapotea. Unga ukabaki hewani. Nikaupaka rangi nyekundu ya barabara zetu.

Papa Sumaili aliangalia muda mrefu. Akasema, "Eh."

Nimefurahi kutwa nzima kwa sababu ya hiyo "Eh".

Jumanne, tarehe 29

Kosa. Mama mmoja muuza mafuta ya mawese alitaka picha ya kumpelekea dada yake Kindu. Nikamtilia moshi mweupe pembeni, mwepesi, kama wa ubani. Nilidhani ni upole. Papa Sumaili aliruka kutoka kwenye kiti.

"Unamuzika mama ya watu!"

Hapa Kasongo moshi mweupe ni wa marehemu. Mtu akifa, familia inaleta picha, tunamweka mawinguni, jina chini, inabandikwa kwenye matanga. Aliye hai anapewa vumbi. Nilikuwa nimeziona picha hizo tangu utoto, na bado sikufikiri. Nilifuta kabla mama yule hajarudi.

Vumbi kwa walio hai. Mawingu kwa waliokufa. Nimeandika hapa ili nisisahau.

Jumatano, tarehe 30

Leo alikuja Amisi, anayepeleka watu Kabambare, mara nyingine mpaka Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu. Anaanza kuongea akiwa barabarani na haachi. Aliinua pazia langu bila kuuliza.

"Ni nani anatengenezaka vumbi huku?"

"Ni Zaina," Papa Sumaili akasema.

"Huyu? Huyu mwenye haongei? Dada Kimya, sikiliza muzuri. Utie vumbi mingi. Vumbi ya mutu mwenye hawawezi kumukamata. Watu wa Salamabila waone, waseme: huyu, tupande naye!"

"Ukikimbia hivyo nani atapanda?" Papa Sumaili akasema. "Watapanda punda."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa ninatazama kandambili zake. Kucha ya dole gumba ilikuwa nyeusi.

Alipigwa picha moja tu. Kadi ya kamera ilikuwa imejaa.

Alhamisi, tarehe 31

Nimegundua kitu. Vumbi la nyuma peke yake ni uongo. Jicho linajua. Lakini vumbi likipita mbele pia, kati ya mtu na yule anayemtazama, basi linakuwa kweli. Ni kwa sababu hapo hata anayetazama yuko barabarani.

Nilichukua unga wa Riziki, ule mzuri kuliko wote, nikautandaza mbele ya Amisi. Nikaukuza. Nikaugeuza. Nikauvuta mpaka ukapita juu ya bega, juu ya shavu, juu ya jicho la kushoto, mzito hapa, mwepesi pale. Asubuhi yote. Nilisahau kula.

Ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya. Ninaandika hivyo bila aibu, hakuna atakayesoma.

Ijumaa, tarehe 1 mwezi wa nane

Amisi alikuja kuchukua picha. Alicheka mpaka watu wa jirani wakachungulia.

"Eh, Dada Kimya! Umenifunika nusu! Mama yangu atauliza ni mutoto wa nani." Halafu akaisogeza mbali na macho. "Lakini angalia hiyo mbio. Nimesimama, ninakimbia!"

Aliacha karanga mezani kwangu. Sikusema asante. Niliisema alipokwisha kutoka.

Halafu tulifagia. Ndivyo Papa Sumaili anavyoita. Kompyuta ni ya zamani, nafasi yake ni ndogo, kadi ya kamera ni hiyo hiyo moja. Kwa hiyo kila Ijumaa kabla ya swala tunafuta picha za wiki, tunabakiza moja kwa kila mteja, ile iliyokamilika. Leo alinipa mimi nifagie. Mara ya kwanza. Nilifanya kwa uangalifu. Nilimwaga mpaka kapu la kompyuta, linaloweka zilizofutwa.

Jumapili, tarehe 3

Nilipiga picha moshi wa mbabula ya mama, lile jiko la makaa. Picha thelathini. Moshi hautii amri kama unga. Riziki aliupuliza, ukanirudia. Macho yanawasha hadi sasa.

Jumamosi, tarehe 9

Amisi amekufa.

Juzi, Alhamisi. Kwenye daraja la magogo kabla ya kufika Kabambare. Gurudumu liliingia kati ya magogo mawili, akaanguka mtoni na pikipiki juu yake. Abiria amevunjika mkono, mzima. Amisi wamemzika siku ile ile huko Kabambare, kwao.

Mwenziwe wa pikipiki ndiye aliyetuletea habari. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema maneno machache na kuondoka. Papa Sumaili alifunga mlango wa mbele. Tulikaa.

Jumapili, tarehe 10

Nilidhani nitalia. Sikulia. Ninajaribu kumkumbuka usoni, siwezi. Ninakumbuka kandambili, ile kucha na sauti. Alisimama mbele yangu mara mbili, na mara zote mbili nilitazama chini. Kwenye kioo cha kompyuta nilikuwa naye asubuhi nzima, lakini nilikuwa ninatazama vumbi.

Ninajichukia kidogo kwa hilo.

Jumatano, tarehe 13

Picha nne. Hakuna wa pikipiki. Nafikiri wanaogopa wiki hii.

Alhamisi, tarehe 28

Mama yake Amisi amekuja.

Amepanda pikipiki kutoka Kabambare, siku nzima. Ni mwembamba, anatembea polepole kwa sababu mguu mmoja unamuuma, kitenge chake bado kilikuwa chekundu kwa barabara. Papa Sumaili alimpa kiti na maji. Nilisikia yote nyuma ya pazia.

Alisema: "Kwenye daraja nilifumba macho. Yule kijana akaniambia, mama, tumevuka. Sikufumbua."

Hana picha ya Amisi. Hata moja. Simu ya Amisi ilikuwa mfukoni alipoanguka. Picha yetu pia ilikuwa mfukoni, imekuwa uji. Picha ya kadi yake ya kura imefutika kwa jasho la miaka, imebaki namba na kivuli. Arobaini yake ni katikati ya mwezi ujao. Kuna ndugu wanaosema picha ukutani si jambo zuri. Yeye amewaambia Amisi ameacha watoto wawili, na mdogo ana miezi minane. "Huyo atamujua baba yake na nini?"

Papa Sumaili akamwambia, usihuzunike, picha iko kwenye kompyuta.

Akaniita. Nikatoka. Mama Amisi akanishika mkono.

"Ni weye? Alinipigia simu siku ile. Alisema: mama, kuna musichana Kasongo anafanyaka pikipiki imesimama ikimbie." Akatabasamu, midomo tu. "Sasa, mwanangu, ile vumbi uitoe. Ninataka uso. Uso tu."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Nilirudi nyuma ya pazia.

Ijumaa, tarehe 29

Haipo.

Nimetafuta asubuhi yote. Kwenye mafaili, kwenye kadi, kwenye kapu. Picha ya kwanza ya Amisi, ile safi, haipo. Nilifagia mimi mwenyewe. Kwa kila mteja moja, na mimi nilichagua ile ya vumbi. Na tabaka zote, Amisi chini na vumbi juu, nilikuwa nimezigandisha kuwa picha moja ili ichukue nafasi ndogo. Vumbi halitoki tena kama nguo. Limekuwa ngozi yake.

Nilikuwa na vitu viwili, uso wa mtu na kazi yangu. Nikatupa uso.

Nimemwambia Papa Sumaili. Hakunigombeza. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, tarehe 30

Nimejaribu kufuta vumbi kidogo kidogo. Linatoka pamoja na shavu. Nimejaribu kuchora jicho. Limekuwa jicho la mwanasesere.

Papa Sumaili alisimama nyuma yangu. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeficha kitu ingawa tulikuwa wawili tu:

"Zaina. Marehemu anawekwa wapi?"

"Mawinguni."

"Basi. Weka mawingu. Yapite hapo hapo, kwenye jicho. Nani atauliza?"

Ni kweli. Hakuna atakayeuliza. Kila nyumba Kasongo ina picha ya namna hiyo. Nimeweka moshi mweupe juu ya vumbi, nikaulainisha, nikauzungusha. Nusu ya uso mbinguni, nusu inatutazama. Inapendeza. Inapendeza sana.

Mama Amisi anakuja kuichukua Jumatatu.

Jumapili, tarehe 31

Mama amenigusa paji la uso mara tatu. Anafikiri ni malaria. Sina homa. Nina uongo.

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa tisa

Alikuja mapema. Papa Sumaili alikuwa bado anafungua madirisha. Nilimwonyesha kwenye kioo. Alikaa karibu sana, pua yake ikikaribia kugusa.

Alitazama jicho la kulia muda mrefu. Akasema, "Ni yeye." Machozi yakashuka. Nilifikiri: imekwisha, amekubali, nyamaza.

Halafu akaweka kidole juu ya mawingu.

"Na hapa utoe kidogo, nimuone jicho hili."

Papa Sumaili akakohoa. Akasema, mama, kwa marehemu ndivyo inavyokuwaga, ni heshima.

"Ninajua heshima. Ninaomba jicho."

Nikasema yote. Sijui nilisemaje. Nilisema nilifuta. Nilisema nilifuta mimi, si Papa Sumaili. Nilisema mawingu ni ya kuficha. Nadhani sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mtu mzima. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Mama Amisi akafunga kitenge vizuri, akasimama, akatoka. Papa Sumaili alimfuata hadi barabarani. Akarudi peke yake.

Jumanne, tarehe 2

Hakuja. Amefikia kwa ndugu zake mtaa wa msikiti, si mbali. Nilitaka kwenda. Nikafika hadi kwenye kona, nikarudi. Mwoga.

Lakini jambo moja. Nilipokuwa ninarudi, nilikuwa ninafikiri kuhusu hesabu, kwa sababu hesabu hunituliza. Shuleni ndiyo peke yake niliyoipenda. Kompyuta inapoweka vumbi juu ya uso, inafanya nini? Inazidisha. Giza la uso mara giza la vumbi, nukta kwa nukta. Basi kilichozidishwa kinaweza kugawanywa.

Uso sina. Vumbi ninalo. Ule unga wa Riziki upo bado, picha ile ile, sikuufagia, kwa sababu ulikuwa wangu.

Nikiuweka tena mahali pale pale kabisa, ukubwa ule ule, umegeuka vile vile, halafu nikaiambia kompyuta igawanye, vumbi linapaswa kujiondoa lenyewe. Linapaswa. Pale lilipokuwa jeupe kabisa hakuna kitu chini, limekwisha kula kila kitu. Kwingine kote Amisi yupo.

Sikuandika niligeuza kiasi gani. Nilifanya kwa mkono, kwa furaha.

Jumatano, tarehe 3

Amerudi.

Aliinua pazia mwenyewe, akavuta kigoda, akakaa kando yangu. Hakuna mtu anayekaaga hapo. Akasema, "Nilikasirika. Sasa ninakaa hapa. Weye fanya."

Sikuwa na ujasiri wa kumwonyesha unga kwanza. Nilimwonyesha njia rahisi niliyokuwa nimejaribu: nilichukua jicho la kulia, nikaligeuza, nikaliweka kushoto. Uso ukakamilika. Aliangalia, na kwa mara ya kwanza akacheka, kicheko kifupi, cha puani. Ni kicheko cha Amisi.

"Huyu ni muzuri kuliko mwanangu! Huyu angeoa mutoto wa tajiri. Hapana. Jicho la Amisi la huku linalala kidogo, tangu kuzaliwa. Shuleni walikuwa wanamuita Usingizi. Alipigana na darasa zima."

Nikafuta jicho zuri.

Tukaanza na unga. Ninausogeza, ninaugeuza, ninagawanya. Uso unakuwa wa kijani, au una mistari kama umechanwa. Ninarudi. Tena. Betri ya jua iliisha saa tisa. Hakuna kitu.

Alhamisi, tarehe 4

Siku nzima. Hakuna kitu.

Mama Amisi anamenya karanga huku ananisimulia. Amisi alipokuwa na miaka sita alifunga kamba kwenye mbuzi, akampanda, akasema anakwenda Lusangi. Amisi hakula samaki. Amisi alimpigia simu kila alipofika, hata kama ni umbali mdogo, neno moja tu: "Nimefika." Siku ile hakupiga, na yeye akajua kabla ya watu kuja.

Ninasikiliza na kusogeza. Ninamwambia, "Hapa?" Anasema, "Bado." Anaweka karanga karibu na mkono wangu. Ninakula bila kutazama.

Ninaogopa sana. Kesho kutwa anaondoka, pikipiki yake imekwisha patikana.

Ijumaa, tarehe 5

Karibu saa nne. Nilikuwa nimeupunguza unga kidogo, kidogo sana, nikaugeuza kushoto kama upana wa uzi. Nikagawanya.

"Hapo!"

Alinishika mkono kwa nguvu, umebaki alama.

"Hapo, hapo. Usiguse."

Jicho lilikuwa linatoka. Si vizuri, kama kitu kilicho chini ya maji. Kope imelala nusu. Nikasogeza tena, chini ya upana wa uzi. Likatoka zaidi. Nyusi. Kona ya mdomo. Alikuwa anakaribia kucheka Papa Sumaili alipompiga picha. Sikujua. Nilimfunika mtu anayekaribia kucheka na sikujua.

Nikamwita Papa Sumaili. Alikuja, akatazama, akavua miwani. Hakusema "Eh".

Lilibaki doa moja kwenye shavu, pale unga ulipokuwa mzito kuliko kote. Upana wa kucha, jekundu. Nilimweleza Mama Amisi: hapa hakuna kitu chini, lakini ninaweza kuchukua ngozi ya shavu la pili nikaziba. Ni dakika tano. Hakuna atakayejua.

Akashika ncha ya kitenge chake, akaipeleka kwenye kioo, akapangusa shavu. Akapangusa tena, polepole, akizungusha, kama mtu anayepangusa mtoto kweli.

"Ndivyo alikuwa anarudi nyumbani," akasema. "Acha hivyo."

Nikaacha. Nikalia hapo hapo, kwa sauti, bila kujificha. Akaniacha nilie.

Leo ni Ijumaa. Papa Sumaili hakufagia. Alikwenda kuswali, akarudi, akakaa mbele bila kugusa kompyuta.

Jumamosi, tarehe 6

Tumechapa tatu. Kubwa moja, ndogo mbili za watoto. Hakuna mawingu. Papa Sumaili aliuliza kuhusu jina chini, kama desturi. Mama Amisi akasema watoto watamjua bila kusoma. Papa Sumaili alizifunga kwenye plastiki mara mbili, halafu katikati ya kartoni mbili, kwa sababu ya barabara. Alikataa malipo kabla Mama Amisi hajafungua fundo lake la pesa.

Nilimsindikiza hadi kwa pikipiki. Hapo nikamtazama usoni. Kweli kweli, kama ninavyotazama picha. Ana mikunjo mitatu kila upande wa mdomo. Ana kovu dogo kwenye kidevu. Na jicho lake la kushoto limelala kidogo. Lake pia. Alikaa kando yangu siku tatu tukilitafuta jicho lile, na lilikuwa linatazama kioo pamoja nami.

Sikumwambia. Nadhani anajua.

Nilimwambia kijana wa pikipiki, "Papa, kwenye daraja mushuke, mama avuke na miguu." Alishangaa. Mimi pia. Akasema, "Sawa, dada." Mama Amisi akapanda, kartoni kifuani, ndani ya kitenge, kama mtoto wa kunyonya. Vumbi lao likakaa barabarani muda mrefu. Sikulitazama. Nilitazama mgongo wake hadi kona.

Jumatatu, tarehe 8

Mvua ya kwanza. Ndogo, ya kulowesha tu. Barabara imekuwa nyeusi. Mteja mmoja wa pikipiki alitaka vumbi. Nikamtilia la nyuma, kidogo. La mbele nikapitisha chini, kwenye magurudumu. Papa Sumaili amenunua kadi ya pili ya kamera. Aliiweka mezani kwangu.

Jumanne, tarehe 16

Arobaini ilikuwa jana. Sikuenda, ni mbali, na mama yangu hakutaka nipande pikipiki. Kutwa nilifanya kazi polepole.

Leo simu ya Papa Sumaili ikalia. Akasikiliza, akainua pazia, akanipa. "Ni wako."

Huwa ninakataa simu. Nilipokea.

Mama Amisi alikuwa anapiga kelele kama watu wanavyofanya mtandao ukiwa mbaya. Alisema walisoma hitima vizuri, watu walijaa, wali haukutosha. Alisema picha iko ukutani upande ambao jua halipigi. Mkubwa alisimama mbele yake, akamweleza mdogo habari za mbuzi. Mdogo akataka kuivuta. Wamelazimika kuipandisha juu.

Nilimuuliza maswali. Nilimuuliza kama mvua inanyesha kwao, kama mguu unaomuuma umepona, jina la mdogo ni nani. Mdogo anaitwa Rehema. Sikujua ni msichana.

Halafu akauliza, "Na weye, umekula?"

Nikasema ndiyo.

"Hapana. Hiyo ni sauti ya mutu hajakula. Enda kula."

Mtandao ukakatika. Nilirudisha simu, nikazima kioo cha kompyuta, nikaenda kula.